Mali isiyojulikana ilipo haina bei: funzo la Google kwa wauza dagaa wa Katonga

KATONGA, Kigoma

Bei ya dagaa katika mwalo wa Katonga hupangwa alfajiri, wakati mitumbwi iliyokesha ziwani inaporejea pwani. Mnunuzi anayesimama mchangani huona kwa macho yake mzigo ulioshuka, husikia mitumbwi mingapi bado iko njiani, na hutazama mawingu ili akisie kama jua la kuanikia litapatikana. Kwa habari hizo tatu hutaja bei. Muuzaji naye hukubali au hukataa kwa kadiri ya anachokijua kuhusu mwalo jirani wa Kibirizi, kuhusu Ujiji, na kuhusu wanunuzi wanaotoka Burundi, Kongo na Dar es Salaam.

Mnunuzi aliyeko Kariakoo hana hata habari moja kati ya hizo. Hujui uvuvi wa jana ulikuwaje, wala hajui gunia analoletewa lilianikwa kwenye kichanja au kwenye mchanga. Kwa hiyo humtegemea dalali, na dalali hulipwa kwa kujua. Sehemu ya faida ya dagaa wa Kigoma haitoki ziwani. Hutoka katika pengo lililopo kati ya anayejua mali iko wapi na asiyejua.

Pengo hilo hilo ndilo lililoizaa moja ya kampuni tajiri kuliko zote duniani. Kampuni ya Google ya Marekani haikuanza kwa kuuza bidhaa yoyote. Ilianza kwa kuwaonyesha watu mahali kitu kilipo, tena bila kuwatoza senti. Historia ya miaka yake ya kwanza huko California, na ya miaka yake ya kwanza katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2007, inamhusu mfanyabiashara wa Katonga kuliko inavyodhaniwa. Ndani yake limo swali ambalo kila mwalo utalazimika kulijibu: orodha ya wauzaji ni mali ya nani?

Wanafunzi wawili na hundi moja

Larry Page na Sergey Brin walikutana mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, wakiwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 1996 walikuwa wameanza kutengeneza programu ya kutafutia habari katika intaneti, wakaiita BackRub. Baadaye waliibadili jina na kuiita Google, neno lililotokana na jina la kihesabu la tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 100. Anwani ya google.com iliandikishwa tarehe 15 Septemba, 1997.

Wakati huo mashine za kutafutia zilikwishakuwapo, nazo hazikuwa chache. AltaVista, Excite, Lycos na Yahoo zilikuwa na majina makubwa na fedha. Tatizo lake lilikuwa kwamba nyingi kati yake zilihesabu maneno. Mtu akitafuta neno fulani, aliletewa kurasa zilizolitaja mara nyingi, hata kama aliyeziandika alilirudia neno hilo makusudi ili aonekane. Ni sawa na kumpa soko muuzaji anayepiga kelele kuliko wenzake.

Mwezi Agosti, 1998 vijana hao walimwonyesha kazi yao Andy Bechtolsheim, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems. Mfanyabiashara huyo hakungoja mkataba. Aliandika hundi ya Dola za Marekani 100,000 kwa jina la Google Inc., kampuni ambayo kisheria haikuwapo. Hundi ilibidi ikae bila kuwekwa benki mpaka kampuni iandikishwe na kufungua akaunti. Uandikishaji ulifanyika tarehe 4 Septemba, 1998.

Ofisi ya kwanza ilikuwa gereji ya nyumba ya Susan Wojcicki, huko Menlo Park, kwa kodi ya Dola 1,700 kwa mwezi. Mwenye nyumba alihitaji kodi hiyo ili kumsaidia kulipia mkopo wa nyumba yake. Baadaye aliajiriwa na wapangaji wake, na kuanzia mwaka 2014 hadi 2023 aliiongoza kampuni ya YouTube, ambayo Google iliinunua mwaka 2006. Alifariki dunia mwaka 2024. Mwajiriwa wa kwanza wa kampuni, Craig Silverstein, alikuwa mwanafunzi mwenzao wa Stanford.

Nani anamshuhudia nani

Siri ya mafanikio ya awali haikuwa mashine kubwa, bali namna ya kupima sifa. Page na Brin waliona kwamba kila ukurasa wa intaneti unaouelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine unatoa ushahidi. Ukurasa unaoelekezewa na wengi unastahili kuaminiwa kuliko usiotajwa na yeyote. Tena ushahidi haulingani uzito: kutajwa na ukurasa ambao wenyewe unaaminiwa kunahesabika zaidi kuliko kutajwa na ukurasa usiojulikana. Hesabu hiyo iliitwa PageRank.

Mfanyabiashara wa Katonga hahitaji kompyuta ili aielewe. Mnunuzi mgeni anapofika mwaloni akitaka dagaa safi wasio na mchanga, hamwendei mwanamke anayejisifu mwenyewe. Huuliza. Akitajiwa jina moja na watu watano, atalifuata jina hilo. Na kama mmoja wa watano hao ni mnunuzi wa miaka mingi ambaye hajawahi kurudishiwa mzigo, neno lake moja linatosha kuyafuta maneno ya wengine wanne.

Mji jirani wa Ujiji una historia ya namna hiyo. Mwezi Machi, 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alianza safari kutoka Bagamoyo kumtafuta Dk. David Livingstone. Hakuwa na ramani ya kumwonyesha alipo. Alichokuwa nacho ni maneno ya watu wa misafara, na ni wasafiri waliotoka Ujiji waliomweleza njiani kuwa kuna Mzungu mzee katika mji huo. Alifika Ujiji mwezi Novemba mwaka huo huo. Gharama za msafara, miezi minane na maisha ya watu yalitumika kwa ajili ya jibu la swali moja.

Katika maelezo ya kitaalamu waliyoyatoa mwaka 1998, Page na Brin walisema mashine yao ilikuwa na hazina ya kurasa zisizopungua milioni 24. Katika maelezo hayo hayo waliandika jambo ambalo wafanyabiashara wangefaa kulikumbuka. Walionya kwamba mashine ya kutafutia inayoishi kwa matangazo ya biashara itaelekea kuwapendelea wanaotangaza na kuwapa kisogo wanaotafuta.

Miaka ya hasara

Sifa haikuleta fedha mara moja. Mwaka 1999 wenye Google walikuwa tayari kuiuza kampuni yao kwa Excite kwa Dola milioni moja, na bei ilishushwa hadi Dola 750,000. Excite ilikataa. Mwezi Juni mwaka huo huo makampuni mawili ya mitaji, Kleiner Perkins na Sequoia Capital, yaliingiza Dola milioni 25.

Hesabu zilizotolewa hadharani kabla ya kuuzwa kwa hisa zinaonyesha hali ilivyokuwa. Mwaka 1999 kampuni ilipata hasara ya Dola milioni 6.1. Mwaka 2000 mapato yalifikia Dola milioni 19.1, lakini hasara nayo ilipanda hadi Dola milioni 14.7. Ni mwaka 2001 ndipo mapato ya Dola milioni 86.4 yalipoacha faida ya Dola milioni 7.

Kilichobadili hesabu hizo ni tangazo dogo. Mwezi Oktoba, 2000 Google ilianzisha mpango wa AdWords ikiwa na wateja 350. Mwenye biashara alichagua maneno, na mtu akiyatafuta maneno hayo, tangazo lake lilitokea pembeni mwa majibu. Mwaka 2002 mpango ulirekebishwa ili mtangazaji alipe pale tu tangazo lake linapobonyezwa, na nafasi zikagawiwa kwa mnada. Wazo la kulipia kila mbonyezo halikuwa la Google. Kampuni ya GoTo ilikwishalianza mwaka 1998, na kesi kati yao kuhusu hataza ya uvumbuzi ilimalizwa mwaka 2004 kwa Google kutoa hisa milioni 2.7. Kilichokuwa cha Google ni kuchanganya bei na umaarufu: tangazo ambalo watu hawalibonyezi lilishushwa hata kama mwenyewe alitaja bei kubwa.

Kwa lugha ya mwaloni, kampuni haikutoza anayeuliza njia, wala haikumtoza mwenye mali kwa kuwapo sokoni. Ilimtoza mwenye kutaka kibao chake kiwekwe mbele mahali ambapo mnunuzi amekwisha kusimama na fedha mkononi. Tarehe 19 Agosti, 2004 hisa za Google ziliuzwa kwa umma kwa Dola 85 kila moja, na thamani ya kampuni ikawa kama Dola bilioni 23. Excite, iliyokataa kuinunua kwa Dola 750,000, ilikwishafilisika mwaka 2001.

Safari ya Afrika Mashariki

Google ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007. Aliyeiongoza alikuwa Joseph Mucheru, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya intaneti ya Wananchi Online, ambaye mwaka 2015 alikuja kuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wa Kenya. Hali ya soko haikufanana na ya California hata kidogo. Intaneti ya eneo hili ilipitia zaidi kwenye setilaiti, na ilikuwa ghali. Mkonge wa kwanza wa baharini, wa SEACOM, ulianza kazi mwezi Julai, 2009 ukiziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kujenga mkongo wa taifa wa mawasiliano kwenda mikoani.

Lakini ugumu mkubwa haukuwa waya. Mashine ya kutafutia hutafuta kilichoandikwa, na mambo mengi ya biashara ya Afrika Mashariki hayakuandikwa popote. Duka la vipuri la Gerezani, fundi wa boti wa Kibirizi, mama muuza dagaa wa Katonga: wote walijulikana na mamia ya wateja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ukurasa. Hapakuwa na viungo vya kuhesabu. Ushahidi ulikuwapo kwa wingi, ila ulikuwa midomoni.

Kampuni ilijaribu njia kadhaa za kuliziba pengo hilo. Kuanzia mwaka 2008 iliwapa watu wa kawaida chombo cha kuchora wenyewe barabara na majengo ya miji yao kwenye ramani zake, chombo kilichofungwa mwaka 2017. Mwezi Agosti, 2009 Kiswahili kiliingizwa katika huduma yake ya kutafsiri. Mwishoni mwa mwaka huo iliendesha shindano la wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili katika kamusi elezo ya Wikipedia.

Jaribio lililomgusa zaidi mchuuzi lilifanyika Uganda. Mwezi Juni, 2009 Google, pamoja na taasisi ya Grameen na kampuni ya simu ya MTN Uganda, ilianzisha huduma zilizotumia ujumbe mfupi wa simu. Mkulima asiye na intaneti aliweza kuuliza kwa ujumbe kuhusu kilimo, afya au hali ya hewa. Huduma moja iliitwa Google Trader. Mwenye mazao aliandika anachouza, kiasi na mahali alipo. Anayetaka kununua aliandika anachotafuta. Na mtambo uliwakutanisha.

Huduma hiyo haipo tena, lakini mtu wa soko la dagaa anaweza kuipima mwenyewe. Ujumbe unaosema “magunia 10 ya dagaa, Katonga” unajibu swali la wapi na kiasi gani. Haujibu maswali mengine matatu ambayo mnunuzi huuliza kabla ya kutoa fedha. Wamekauka kiasi gani? Wana mchanga? Na mzigo ukifika tofauti na maelezo, atarudishiwa fedha na nani? Kukutanisha watu wawili ni rahisi kuliko kuwafanya waaminiane, na bei ya gunia ipo katika kuaminiana huko.

Kisa cha Nairobi cha mwaka 2012

Kuna kampuni iliyojaribu kuandika yasiyoandikwa kwa kutumia miguu ya watu. Mocality, iliyokuwa chini ya kundi la Naspers la Afrika Kusini, iliingia Kenya na mpango ulio wazi. Iliwaomba wananchi wapite mitaani na simu zao, waandike jina la kila biashara, namba yake ya simu na mahali ilipo. Kila taarifa iliyothibitishwa kuwa ya kweli ililipiwa kupitia M-Pesa. Vijana walipata riziki, wenye maduka waliandikwa bure, na Mocality ikapata orodha iliyozidi biashara 100,000. Nchi isiyo na kitabu cha simu cha kutegemewa kwa biashara ndogo ilipata orodha iliyoandikwa mlango kwa mlango.

Mwezi Septemba, 2011 Google ilizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wa Kenya tovuti za bure. Baada ya muda mfupi Mocality ilianza kupata simu za ajabu kutoka kwa wateja wake, waliouliza msaada kuhusu tovuti ambazo Mocality haikuzitengeneza.

Wakuu wa Mocality walichunguza kumbukumbu za mitambo yao, wakaona mgeni mmoja aliyekuwa akipekua orodha, biashara moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Waliamua kumtegea. Walibadili mtambo ili mgeni huyo, na huyo peke yake, kila anapofungua jina la biashara aonyeshwe namba ya simu ya kituo cha Mocality badala ya namba ya mteja. Simu zikaanza kulia. Wapigaji walijitambulisha kuwa wanatoka Google, wakauza huduma ya tovuti, na katika mazungumzo yaliyorekodiwa ilidaiwa kwamba Google na Mocality wanashirikiana. Ushirikiano huo haukuwapo.

Tarehe 13 Januari, 2012 mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, aliyatangaza hayo hadharani pamoja na sauti zilizorekodiwa. Siku hiyo hiyo Google, kupitia kwa Makamu wa Rais wake Nelson Mattos, ilikiri kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi katika mradi wake waliitumia vibaya orodha ya Mocality na kuwadanganya wateja kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili, ikaomba radhi.

Radhi haikurudisha soko. Mwaka 2013 Mocality ilifunga shughuli zake za Kenya. Haitakuwa haki kusema kwamba kisa hicho peke yake ndicho kilichoiua, kwa kuwa biashara ya orodha ilikuwa ngumu kila mahali baada ya simu za kisasa kuenea. Lakini somo halifutiki. Kampuni yenye akili nyingi za hesabu na mitambo mingi kuliko nyingine zote ilipofika mahali ambapo habari haikuandikwa, watu wa mradi wake walikwenda kuchukua orodha iliyotengenezwa na vijana waliotembea kwa miguu. Orodha ya biashara ndogo za Afrika Mashariki ni mali, na thamani yake iliwavutia hata matajiri.

Nafasi ya mbele ya meza

Kuna jambo la pili ambalo historia ya kampuni hiyo inalionyesha. Onyo lililotolewa na waanzilishi wake mwaka 1998 kuhusu matangazo limewarudia wenyewe. Leo mtu anayetafuta bidhaa mara nyingi hukutana kwanza na waliolipa, kisha ndipo wanaostahili. Na kampuni yenyewe hulipa ili iwe mbele. Katika kesi iliyosikilizwa Washington ilielezwa kwamba mwaka 2021 Google ililipa makampuni mengine, yakiwemo ya simu, zaidi ya Dola bilioni 26 ili mashine yake iwe ndiyo ya kwanza kufunguka. Tarehe 5 Agosti, 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria.

Mchuuzi wa Katonga anazijua tabia hizi bila kusoma hukumu. Anajua dalali aliyeanza kwa kuwasaidia wageni kupata mali nzuri, akaaminiwa, kisha akaanza kuwapeleka kwa yule anayempa chochote. Dalali wa namna hiyo huwa hafukuzwi mwaloni, kwa sababu wanunuzi wote wamezoea kumpitia yeye. Atakayemwondoa ni njia nyingine ya kujua.

Hesabu ya Katonga

Kwa wauzaji wa dagaa suala hili ni la shilingi. Chukua mfano wa muuzaji mwenye magunia 10. Asipojua bei ya mwalo jirani akauza pungufu kwa shilingi 5,000 tu kila gunia, amepoteza shilingi 50,000 kwa mzigo mmoja. Akiuza mizigo minne kwa mwezi, ni shilingi 200,000 zilizokwenda kwa aliyejua zaidi yake. Hakuna aliyemwibia. Amelipia habari kwa bei ambayo hakuijua.

Aidha, soko la dagaa lina vipindi ambavyo habari huwa ghali kuliko kawaida. Usiku wa mbalamwezi taa za mitumbwini hazivuti samaki, hivyo mzigo hupungua na bei hupanda. Masika huzuia uanikaji. Na mwaka 2024 Serikali iliyafunga maji ya Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mwenye habari za mapema katika nyakati kama hizo huweka akiba na kuuza vizuri. Mwenye kusikia mwisho huuza kabla ya bei kupanda na kununua baada ya kupanda.

Simu zimepunguza sehemu ya pengo hilo. Makundi ya simu ya wafanyabiashara hupeleka bei na picha za mzigo kwa dakika chache, na malipo ya simu, yaliyoanza nchini mwaka 2008, yameondoa hatari ya kusafiri na fedha kwenye treni na mabasi. Lakini kundi la simu halina kumbukumbu. Muuzaji aliyepeleka dagaa wenye mchanga mwezi uliopita anaweza kutokea mwezi huu katika kundi jingine kwa namba nyingine, akiwa safi kama mgeni. PageRank ilifaa kwa sababu iliutunza ushahidi na kuujumlisha. Ushahidi wa mwaloni unatamkwa, kisha unapotea.

Ndiyo maana hatua ya kwanza kwa mwalo kama Katonga si kununua programu. Ni kuandika. Daftari la wauzaji lenye jina, aina ya uanikaji na mizigo iliyopokelewa bila malalamiko linaweza kuanzishwa na vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mwaloni au na ushirika wa wauzaji wenyewe. Gharama yake ni kalamu, mtunza daftari mwaminifu na makubaliano ya nani ana haki ya kuandika ushahidi. Aliyenunua ndiye aandike, kwa kuwa muuzaji hawezi kujishuhudia.

Hatua ya pili ni kukubaliana madaraja. Mnunuzi wa mbali hawezi kulipa bei ya dagaa wa kichanja ikiwa neno “safi” lina maana tofauti kwa kila anayelitamka. Google Trader iliweza kupeleka ujumbe, lakini ujumbe unafaa pale tu maneno yake yanapopimika.

Hatua ya tatu ni ile iliyosahauliwa Nairobi: kuamua mapema orodha ni ya nani. Kampuni ya simu, benki, mradi wa wafadhili au kijana mwenye programu akifika Katonga kuomba majina na namba za wauzaji, anaomba mtaji. Anaweza kupewa, na mara nyingi ni faida kwa wote akipewa, kwa sababu mali isiyoonekana hainunuliwi. Lakini apewe kwa mkataba unaosema orodha inabaki ya wauzaji, inaweza kuhamishwa kwa mwingine, na haitauzwa bila wao kujua. Vijana wa Nairobi waliotembea mlango kwa mlango walilipwa kwa kila jina mara moja. Thamani iliyobaki ilikuwa ya wengine, na wengine hao ndio waliogombana juu yake.

Page na Brin walianza na kompyuta, hundi moja na gereji ya kupanga, na miaka mitatu ya mwanzo hesabu zao hazikuonyesha faida. Walichokuwa nacho ni njia ya kujua nani anaaminiwa na nani. Katonga ina ujuzi huo tangu mitumbwi yake ya kwanza, na hadi sasa haujaandikwa. Atakayekuja kuuandika atakuwa na nguvu juu ya bei ya gunia. Wauzaji wanayo nafasi ya kuwa wao, kabla mgeni hajafika na kalamu yake.